Jua, Ngozi na Mifupa ya Mtoto Alelewaye Ugenini

Wazazi wa Kiafrika waendao masomoni au kazini katika nchi za baridi hubeba vitu vingi katika masanduku yao: vyeti, nguo nzito za kuazima, kifurushi cha dagaa, na kanga za kumfungia mtoto mgongoni. Kitu kimoja hawawezi kukibeba, nacho ni jua. Kwa mtu mzima upungufu huo huleta unyonge wa moyo. Kwa mtoto mchanga mwenye ngozi nyeusi ni jambo la afya, na pengine la uhai. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini iko hivyo, kwa kutumia fizikia, kemia na biolojia ambazo mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne amekwisha kuzipata darasani.

Yafaa niungame mapema kwamba somo hili sikulipata vitabuni. Nililipata nyumbani kwangu, na kwa kosa langu mwenyewe.

Chupa iliyowekwa kabatini

Binti yetu alizaliwa Glasgow, katika Uskoti, mwezi wa Septemba 2016, nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari wa falsafa. Utafiti wangu ulihusu mwanga, hasa miali ya urujuanimno, yaani ile miali isiyoonekana kwa macho ambayo mawimbi yake ni mafupi kuliko yale ya rangi ya urujuani. Siku chache baada ya mtoto kuzaliwa, muuguzi wa watoto alikuja nyumbani kama ilivyo desturi ya nchi ile. Alimpima uzito, akamsifu, akatuachia chupa ndogo ya matone ya vitamini, akituagiza tumpe mtoto kila siku. Mimi niliiweka chupa ile juu ya kabati la jikoni. Mtoto alikuwa akinyonya vizuri maziwa ya mama yake na mashavu yamemjaa. Sikuona sababu ya kumpa dawa mtoto asiyeumwa. Isitoshe, huko nilikozaliwa sikupata kuona mtoto akinyweshwa matone ya aina hiyo, na sote tulikua.

Mama yangu alikuwa akipiga simu kutoka Morogoro kila Jumapili. Swali lake lilikuwa moja.

"Baba, mjukuu wangu anaota jua?"

"Tunamsogeza dirishani kila asubuhi, mama."

"Basi vyema. Jua la asubuhi ndilo la mifupa."

Nami, mtaalamu wa miali ya urujuanimno, niliitikia na kukata simu nikiwa nimeridhika. Msomaji atakayefika mwisho wa makala haya ataona kwamba katika mazungumzo yale mafupi mlikuwa na makosa mawili ya fizikia, na kwamba lililo kubwa zaidi lilikuwa langu.

Alipotimiza miezi kumi na saba binti yetu alikuwa hajasimama dede. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vinene, na kichwa kilimtoka jasho jingi usingizini. Daktari aliagiza picha ya eksirei ya mkono. Ncha za mifupa, ambazo zilipaswa kuonekana kama mstari ulio wazi, zilionekana zimepanuka na kuchanuka kama ufagio wa chelewa uliochakaa. Mtoto wetu alikuwa na ugonjwa wa mifupa laini, ambao wengi wetu huujua kwa alama yake moja, matege.

Hapa sina budi kuongeza neno kwa ajili ya wazazi watakaosoma na kushtuka. Si kila matege ni ugonjwa. Watoto wengi huwa na miguu iliyopinda kidogo mpaka wakaribiapo umri wa miaka miwili, kisha ikanyooka yenyewe. Ugonjwa hutambuliwa kwa picha na kwa kupima damu, si kwa jicho la jirani.

Jinsi mfupa unavyokua

Mfupa wa mtoto hurefuka kwenye ncha zake. Karibu na kila ncha pana bamba jembamba la gegedu, ambalo chembe zake hai huzaana na kujipanga safu juu ya safu. Safu zilizotangulia hujazwa madini ya kalsiamu na fosfati, zikawa ngumu, na hatimaye zikawa mfupa kamili. Kalsiamu ikipungua katika damu, gegedu haliachi kuzaana. Linazidi kujilundika bila kukazwa. Ni kama fundi anayeendelea kusuka nondo na kupigilia mbao za nguzo ilhali saruji haijafika. Siku mtoto atakapoanza kusimama, uzito wa mwili wake mwenyewe utaipinda ile nguzo.

Kalsiamu hutoka katika chakula: maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mboga za majani. Lakini kuila si kuipata. Utumbo usiposaidiwa na vitamini D hufyonza sehemu ndogo tu ya kalsiamu iliyomo katika chakula, yapata asilimia 10 hadi 15. Vitamini hiyo ikiwapo ya kutosha, kiasi hicho huongezeka mara mbili au zaidi.

Jina la vitamini lenyewe ni la mazoea tu, kwa maana vitamini za kawaida hupatikana kwa kula, na hii hutengenezwa zaidi na mwili. Katika ngozi mna kemikali ya jamii ya kolesteroli. Miali ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 290 hadi 315 hivi ikiipiga, kifungo kimoja katika mojawapo ya pete za molekuli hiyo hukatika na pete ikafunguka. Joto la mwili huipanga upya molekuli iliyofunguka, nayo huwa vitamini D. Vitamini hiyo husafiri katika damu hadi kwenye ini, ambako huongezewa oksijeni na haidrojeni, kisha hadi kwenye figo, ambako huongezewa mara ya pili. Kitokacho kwenye figo ni homoni kamili, nayo huuamuru utumbo ufungue milango yake kwa kalsiamu. Mwalimu wa kemia atapenda kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba kazi hii yote huanza kwa nishati ya mwanga kukata kifungo kimoja.

Ugonjwa wa miji yenye moshi

Wazungu waliufahamu ugonjwa huu kabla yetu, kwa sababu uliwapata wao kwanza. Daniel Whistler aliuandikia tasnifu mwaka 1645, na Francis Glisson akauandikia kitabu mwaka 1650. Kwa kuwa wote wawili walikuwa Waingereza, na kwa kuwa ulienea mno kwao, mataifa jirani yaliuita ugonjwa wa Kiingereza. Viwanda vilipoongezeka, moshi wa makaa ya mawe ukafunika miji, na watoto wa wafanyakazi waliokuwa wakilelewa katika vichochoro vyembamba walipinda miguu kwa maelfu.

Daktari wa Kipolandi, Jędrzej Śniadecki, alisema mapema, mwaka 1822, kwamba watoto wa mjini waliugua na wa mashambani hawakuugua, na kwamba dawa ilikuwa jua. Hakusikilizwa. Mwaka 1890 Theobald Palm, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi ya udaktari katika misheni huko Japani, alishangaa kwamba Japani hakuwaona watoto wenye matege, lakini aliporudi kwao aliwakuta tele. Alikusanya taarifa za madaktari waliokuwa katika nchi mbalimbali, akazilinganisha na ramani, akahitimisha kwamba tofauti haikuwa chakula wala usafi bali mwangaza wa jua. Naye hakusikilizwa sana, kwani wakati huo kila daktari alikuwa akitafuta kijidudu.

Ushahidi ulipatikana mwaka 1919, tena kwa njia mbili zilizoonekana kupingana. Huko Berlin, Kurt Huldschinsky aliwamulika watoto wagonjwa kwa taa ya zebaki itoayo miali ya urujuanimno, na picha za eksirei zikaonyesha mifupa yao inapona. Jambo lililomfanya afikiri zaidi ni kwamba alipomulika mkono mmoja tu, mkono wa pili nao ulipona. Basi kilichoponya hakikuwa mwanga wenyewe. Mwanga ulitengeneza kitu ndani ya ngozi, kikasafirishwa na damu. Mwaka huohuo, katika Uingereza, Edward Mellanby aliwalisha vijibwa chakula kilichowaletea ugonjwa huo, kisha akaonyesha kwamba mafuta ya ini la samaki huuzuia. Jua na mafuta ya samaki vikawa dawa moja. Mwaka 1922 Elmer McCollum, Mmarekani, alitambua kwamba kitu hicho katika mafuta ni tofauti na vitamini A, nacho kikaitwa vitamini D.

Ugonjwa ulipungua sana Ulaya katika karne ya 20, hata madaktari vijana wakausoma kama historia. Kisha mwaka 1962 madaktari wa Glasgow walitoa taarifa ya matege na mifupa laini katika familia za wahamiaji kutoka Pakistani. Hali haikuwa ya kupita tu. Iliulazimu mji ule kuanzisha kampeni mwishoni mwa miaka ya 1970, ya kugawa matone ya vitamini D bila malipo kwa watoto wenye asili ya Bara Hindi, na wagonjwa wakapungua. Nilipoyasoma haya, binti yangu akiwa tayari ana matege, niligundua kwamba yalitokea katika mitaa niliyokuwa nikipita kwenda maabarani.

Hesabu ya kivuli

Sasa tuje kwenye fizikia. Adhuhuri jua huwa na kimo fulani juu ya upeo wa macho, na kimo hicho twaweza kukikokotoa. Glasgow iko karibu na latitudo ya nyuzi 56 kaskazini. Tarehe 21 Desemba jua la adhuhuri liko juu ya latitudo ya nyuzi 23.4 kusini. Kwa hiyo kimo chake Glasgow ni 90 kutoa 56 kutoa 23.4, yaani nyuzi 10.6. Fimbo ya mita moja iliyosimikwa wima hutoa kivuli cha zaidi ya mita tano, saa sita mchana! Dar es Salaam iko latitudo ya nyuzi 6.8 kusini. Siku ambayo jua letu la adhuhuri liko chini kuliko siku zote ni tarehe 21 Juni, na hata siku hiyo kimo chake ni nyuzi 59.8. Kivuli cha fimbo ileile ni sentimita 58. Sasa mwanafunzi akokotoe kimo cha jua Glasgow tarehe hiyohiyo ya Juni, ambayo ndiyo siku yao bora kuliko zote. Atapata nyuzi 57.4. Siku bora ya Glasgow haifikii siku duni ya Dar es Salaam.

Kimo cha jua kina maana gani kwa mifupa? Miali inayokuja kwa mshazari hupita katika tabaka nene zaidi la hewa. Jua likiwa na kimo cha nyuzi 10.6, njia ya mwali katika anga ni zaidi ya mara tano ya njia ya wima. Huko juu mna ozoni, nayo hula hasa ile miali mifupi tunayoihitaji. Mwanga unaoonekana hupita, na ndiyo sababu mtu huona kuna jua, hata akavaa miwani. Lakini miali ya kutengeneza vitamini haifiki chini. Utafiti uliofanyika Marekani na Kanada, na kuchapishwa mwaka 1988, ulionyesha kwamba ngozi ya mwanadamu ikiwekwa juani mjini Boston, latitudo ya nyuzi 42, haitengenezi vitamini D tangu Novemba hadi Februari. Huko Edmonton, nyuzi 53.5, ukame huo huanza Oktoba na kwisha Machi. Glasgow iko kaskazini zaidi ya Edmonton, na mawingu yake ni mengi.

Ongeza rangi ya ngozi. Melanini, ambayo ndiyo huifanya ngozi yetu kuwa nyeusi, ni mwavuli. Chini ya jua la Tabora mwavuli huo ni neema, na jua lenyewe limezidi kiasi hata linalopenya linatosha. Chini ya jua la Uskoti mwavuli hubaki umefunguliwa ingawa mvua imekwisha. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu mara kadhaa kuliko ngozi nyeupe ili kutengeneza kiasi kilekile cha vitamini. Kisha ongeza nguo. Mtoto wa huko hutoka nje Januari akiwa amefunikwa hata kidevu.

Tukirudi kwenye yale mazungumzo ya simu: kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu miali yote ya urefu wa wimbi tunaouzungumzia. Joto hupita na mwanga hupita, lakini ile miali mifupi haipiti. Binti yangu aliota joto tu. Hilo lilikuwa kosa langu. La mama yangu lilikuwa dogo na lenye heshima zake. Jua la saa moja na nusu asubuhi, hata Morogoro, lina kimo cha nyuzi 15 hivi, na vitamini yake ni haba. Watoto wetu hawaponi kwa jua la asubuhi peke yake. Wanapona kwa kuwa baada ya hapo hubebwa mgongoni kwenda kisimani, shambani na sokoni, kichwa na mikono vikiwa wazi, mchana kutwa. Nyanya huhesabu ile nusu saa ya asubuhi kwa sababu ndiyo aliyoikusudia, na hahesabu saa nyingine ambazo hakuzikusudia.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba jua ni yote. Watafiti walioshughulika na watoto wenye matege huko Nigeria, ambako jua si haba, waligundua katika miaka ya 1990 kwamba tatizo kubwa lilikuwa uhaba wa kalsiamu katika chakula cha nafaka tupu. Mtoto wa hapa anayelishwa uji wa mahindi bila maziwa, dagaa wala mboga aweza kupinda miguu juani.

Maziwa ya mama na matone

Maziwa ya mama ndiyo chakula bora cha mtoto mchanga, na sineni lolote kinyume cha hilo. Lakini yana vitamini D kidogo sana, hasa mama mwenyewe akiwa na upungufu. Maumbile yalitegemea jua kujaza pengo hilo. Kwa hiyo mtoto anayenyonyeshwa vizuri ugenini, na mama mwangalifu kuliko wote, ndiye aliye hatarini.

Hatari yenyewe si ya miguu tu. Kalsiamu huendesha pia mishipa ya fahamu na misuli, ukiwamo moyo. Wengi wetu tukisikia degedege hufikiria malaria au homa kali. Lakini mtoto asiye na homa yoyote aweza kushikwa na degedege kwa sababu kalsiamu imeshuka katika damu. Mwaka 2008 madaktari wa Uingereza walichapisha taarifa ya watoto wachanga 16, wote wa familia zenye asili ya Afrika au Bara Hindi, ambao mioyo yao ilishindwa kusukuma damu kwa upungufu huu. Watatu walifariki. Dawa ambayo ingaliwaokoa ni matone ya thamani ndogo kuliko nauli ya basi.

Tangu mwaka 2016 Uingereza hushauri mtoto anayenyonya apewe mikrogramu 8.5 hadi 10 za vitamini D kila siku tangu kuzaliwa, na mikrogramu 10 kuanzia mwaka mmoja. Mtoto anayekunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa ya kopo kwa siku hahitaji, kwa kuwa maziwa hayo yamekwisha kutiwa vitamini. Nchi nyingine za kaskazini zina kanuni zinazokaribiana na hiyo. Wala mzazi asidhani kwamba kuongeza ni kuzidisha afya. Vitamini hii huyeyuka katika mafuta na hujiweka akiba mwilini. Uingereza yenyewe, katika miaka ya 1950, ilitia vitamini nyingi mno katika maziwa ya unga na nafaka za watoto, na baadhi ya watoto wakaugua kwa kalsiamu kuzidi katika damu, hata serikali ikapunguza viwango hivyo mwaka 1957. Kipimo ni kilichoandikwa kwenye chupa, basi.

Mambo mengine matatu

Ratiba za chanjo hutofautiana, na tofauti hizo zina sababu. Hapa Tanzania mtoto hupewa chanjo ya kwanza ya surua akiwa na miezi tisa. Uingereza hungoja miezi kumi na miwili. Kinga aliyoirithi mtoto kwa mama yake huivuruga chanjo, nayo hupungua mwezi hadi mwezi. Anayesubiri hupata kinga imara zaidi, lakini penye surua nyingi kusubiri ni hatari. Kila nchi imechagua kwa mizani yake. Mzazi aende na kadi ya kliniki ya mtoto, na asiitupe.

La pili husahauliwa. Watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya rangi ya buluu mgongoni au matakoni, ambayo hufifia kadiri wanavyokua. Mtu asiyeyajua huyadhania kuwa alama za kipigo. Katika nchi ambako sheria za kulinda watoto ni kali, mzazi amwombe muuguzi aliyemwona mtoto mapema ayaandike katika kitabu chake. Mstari mmoja wa wino huepusha mashaka makubwa.

La tatu ni safari ya kuja nyumbani. Mtoto aliyezaliwa ugenini hana kinga yoyote ya malaria, na hata wazazi wake kinga yao hupungua wakikaa huko kwa miaka. Mjukuu anayeletwa kuonyeshwa kwa babu na bibi yuko hatarini kama mtalii, ingawa jina lake ni la ukoo. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, na anywe dawa ya kinga aliyoandikiwa na daktari, aimalize hata baada ya kurudi. Akipata homa katika miezi inayofuata, daktari wa huko aambiwe waziwazi kwamba mtoto alitoka Afrika ya Mashariki, na damu ipimwe siku hiyohiyo. Asipoambiwa atadhani ni mafua.

Kipimo cha fimbo

Binti yetu alitibiwa kwa vitamini na kalsiamu kwa muda wa miezi mitatu. Alisimama dede katika mwezi wa pili wa matibabu, na miguu yake ikanyooka polepole katika miaka miwili iliyofuata.

Mwalimu anayetaka kulifundisha somo hili kwa vitendo asimike fimbo ya mita moja, wima, mahali tambarare, na wanafunzi wapime kivuli kila baada ya nusu saa tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Wachore grafu, na kwa kutumia tanjenti wapate kimo cha jua kwa kila kipimo. Waweke alama kwenye saa ambazo kivuli ni kifupi kuliko fimbo, kwa maana ndizo saa ambazo miali ya urujuanimno ni mingi. Kisha wakokotoe kivuli cha fimbo hiyohiyo kingekuwa na urefu gani siku hiyo mjini Glasgow, na mjini Stockholm, latitudo ya nyuzi 59.

Binti yangu alilifanya zoezi hili mwezi wa Juni uani kwa bibi yake, Morogoro, bibi akiwa ameshika utepe wa cherehani upande wa pili. Adhuhuri ya jua, ambayo huko huwa yapata saa sita na nusu, alipata sentimita 61 badala ya 58. Tulitafuta kosa, tukaona fimbo ilikuwa imeinama kidogo kuelekea kusini.